Video ya ‘Chura’ ilifungiwa, simu ya nyumbani ikabaki wazi

Kilwa. Harusi ya pwani ikishafika saa tatu usiku, mbele ya spika wazee hawapo tena. Waliopo ni watoto. Mabinti wa miaka sita na saba wamejifunga kanga za mama zao kiunoni, wavulana wamevua viatu, na kila anayeweka muziki akibadili wimbo wao ndio wanaoanza. Anayekata kiuno kuwazidi wenzake hutunzwa sarafu ya mia tano. Watu wazima hucheka, mmoja wao hutoa simu na kurekodi, na kabla pilau haijapoa kipande hicho kimeshawekwa kwenye status ya WhatsApp.

Asubuhi yake, mama akiwa anapepeta mchele au anakuna nazi, swali huja: “Mama, kwa nini watu walicheka nilipocheza?”

Wengi hujibu kwa kumfukuza mtoto jikoni. Wengine hukasirika na kumlaumu msanii. Swali lenyewe hubaki pale pale, na mtoto huenda kulitafutia jibu kwa mwenzake wa darasa la tano au kwenye simu ileile iliyomrekodi.

Hakuna wimbo wa Kitanzania ulioibua mjadala huo kwa kelele kama ‘Chura’ wa Snura Mushi, msanii ambaye miaka mitatu kabla yake alikuwa amefahamika kwa ‘Majanga’. Ulipotoka mwaka 2016 ulikuwa wimbo wa kuchekesha, wenye mdundo wa kasi unaofanana na ule wa ngoma za uswahilini, ukimtaja chura na mruko wake. Tatizo lilianza na video. Ilionyesha wanawake wakitikisa makalio mbele ya kamera kwa namna iliyowafanya wazazi wengi wazime televisheni watoto walipokuwa sebuleni. Katika muda mfupi neno chura likapata maana ya pili mitaani, maana inayomhusu mwanamke na umbo lake, na mpaka leo halijairudia kikamilifu maana yake ya kidimbwini.

Mei 2016, Wizara ya Habari, Utamaduni, Sanaa na Michezo iliipiga marufuku video hiyo. Serikali ilisema haiendani na maadili ya Mtanzania na inamdhalilisha mwanamke, na ikamzuia Snura kufanya maonyesho mpaka atakapojisajili Baraza la Sanaa la Taifa, Basata. Msanii aliomba radhi. Wizara hiyo wakati huo ilikuwa chini ya Nape Nnauye, mbunge wa Mtama, jimbo lililomo ndani ya Mkoa huu huu wa Lindi. Kwa hiyo aliyesimamia agizo alitoka katika mkoa ambao kila binti aliyepita unyagoni anajua kwamba kiuno kina shule yake. Hilo litarudiwa hapa chini.

Basata, chombo kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1984, hakikuishia hapo. Mwishoni mwa Februari 2018, Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilitoa orodha ya nyimbo zaidi ya kumi ambazo vituo vya redio na televisheni vilikatazwa kuzipiga. ‘Chura’ ilikuwemo, na pia ‘Nimevurugwa’ ya Snura huyohuyo, ‘Waka’ ya Diamond Platnumz na Rick Ross, ‘Uzuri Wako’ ya Jux na nyingine. Novemba mwaka huo ikafuata ‘Mwanza’ ya Rayvanny na Diamond, uliochezea jina la Nyegezi, eneo halisi la jiji hilo lenye shule na stendi ya mabasi, mpaka likatoa maana isiyosemeka mezani. Desemba wawili hao waliuimba jukwaani jijini Mwanza wakati tayari umefungiwa, wakazuiwa kufanya maonyesho kwa muda usiojulikana, na Januari 2019 kizuizi kikaondolewa. Mwaka 2022 ikawa zamu ya video ya ‘Mtasubiri’ ya Diamond na Zuchu, safari hii kwa sababu ya kipande cha kanisani.

Kila mara mjadala ulikuwa uleule. Upande mmoja maadili, upande mwingine uhuru wa msanii. Katikati alikuwepo mtoto, ambaye hakuna aliyemuuliza ameelewa nini.

Marufuku ina kazi yake, na mzazi anayesema haisaidii kitu anakosea. Wimbo ukitoka kwenye redio ya saa nane mchana, mtoto anayerudi shule hausikii tena kwa bahati mbaya, na kituo cha televisheni kinajua kipo chini ya macho ya mtu. Lakini marufuku huishia kwenye mnara wa kurushia matangazo. Kutoka Nangurukuru mpaka Masoko, muziki haupiti kwenye mnara peke yake. Unapita kwenye memori kadi inayojazwa nyimbo na fundi simu kwa malipo kidogo, unapita kwenye flashi ya dereva wa basi, unarushwa kutoka simu hadi simu bila kula bando, unaonyeshwa kwenye kibanda umiza kabla mpira haujaanza. Mvuvi akirudi nchi kavu na simu yenye nyimbo mpya, jioni ileile vijana wa mtaa mzima wanazo. Hakuna barua ya Basata inayofika huko.

Na kuna jambo la pili. Wimbo ukishafungiwa, mtoto aliyekuwa haujali huanza kuutafuta.

Pwani ilikuwa na nyimbo zake

Wanaosema nyimbo za aina hii zimeletwa na Dar es Salaam au na Wazungu hawajawahi kukaa nje ya nyumba yenye mwali. Wamachinga, Wamwera, Wamatumbi, Wangindo na Wamakonde wa ukanda huu wana unyago, na unyago una ngoma, na ngoma ile ina nyimbo ambazo zikiwekwa maneno yake gazetini gazeti litaitwa kujieleza. Humo binti hufundishwa damu ya mwezi, usafi, mwili wa mwanamume, ndoa, uzazi. Hufundishwa kwa kuimba na kwa kucheza, kiuno kikiwemo. Wakati mwingine mafunzo hupitia mafumbo na sanamu, ili kinachoona aibu kusemwa kionekane.

Baadhi ya ngoma hizo zilitoka nje mapema. Sindimba ya Wamakonde, yenye asili katika sherehe za jando na unyago, ilipandishwa jukwaani na vikundi vya utamaduni baada ya Uhuru na ikachezwa mbele ya viongozi na wageni. Zanzibar, Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, alikuwa kungwi kabla ya kuwa nyota wa dunia, na ngoma ya unyago aliipiga katika majukwaa ya Ulaya. Mtu aliyelelewa pwani akiiona video ya ‘Chura’ kwa mara ya kwanza hakushangazwa na kiuno. Alichoshangaa ni mahali kilipowekwa.

Unyagoni kulikuwa na mlango. Asiyechezwa hakuingia, mwanamume hakuingia, na mtoto aliyechungulia alichapwa. Kulikuwa na wakati: mwali aliingia mwili wake ulipoanza kubadilika. Zaidi ya yote kulikuwa na mtu. Kungwi, ambaye wengine humwita somo na wengine nyakanga, alikuwa na jina, nyumba na sifa yake mtaani. Binti akikosea mwaka mmoja baadaye, kungwi huulizwa. Wimbo mmoja ulikuwa na maana, na maana hiyo ilielezwa palepale, na aliyeshindwa kuelewa alirudiwa mpaka aelewe.

Simu imeondoa mlango, imeondoa umri, imemwondoa kungwi. Kilichobaki ni kiuno.

Hata hivyo, si haki kuusifia unyago kana kwamba haukuwa na dosari. Malalamiko ya walimu na maofisa ustawi wa mikoa ya Lindi na Mtwara ni ya muda mrefu: mabinti huingizwa wakiwa wadogo mno, miaka minane au tisa, kwa sababu familia imevuna ufuta au korosho na fedha ipo, au kwa sababu dada mkubwa anachezwa na ni nafuu kuwatoa wawili kwa mpigo. Mtoto wa darasa la tatu hufundishwa namna ya kumtunza mume. Akitoka huambiwa ameshakua, naye huamini. Viongozi wameomba mara nyingi sherehe zifanyike wakati wa likizo na zisiwahusishe watoto wadogo. Na mafunzo mengi ya ndani yalimwandaa msichana kumridhisha mwanamume kuliko kuulinda mwili wake. Kwa hilo, kungwi wa zamani na mtengeneza video wa leo wanakaribiana kuliko wote wawili wanavyopenda kukubali.

Mtoto anaona nini

Jibu linategemea umri. Mtoto wa miaka mitano au sita anayecheza ‘Chura’ hachezi mapenzi. Anacheza chura. Ameona watu wakubwa wanaruka na kucheka, naye anaruka ili achekewe. Kinachomfundisha jambo lisilo la umri wake ni macho yetu: sarafu, kelele, simu iliyonyanyuliwa. Anajifunza kwamba akitikisa sehemu fulani ya mwili watu wazima hufurahi na hutoa fedha. Hilo ni somo la hatari kwa mtoto ambaye kesho jirani atamwita dukani na kumwambia acheze tena, safari hii peke yake.

Kwa watoto wadogo zaidi swali halihusu maudhui tu. Shirika la Afya Duniani, WHO, katika mwongozo wake wa Aprili 2019, linashauri mtoto chini ya mwaka mmoja asiwekewe skrini kabisa, na mwenye miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Simu inayotumika kumnyamazisha mtoto mama akipika ni msaada wa kweli kwa mama asiye na msaidizi, hilo halibishaniwi. Ila YouTube ikimaliza katuni huendelea yenyewe kuchagua kinachofuata.

Mambo hubadilika baina ya miaka minane na 13 kwa wasichana, na tisa hadi 14 kwa wavulana, muda ambao balehe huanza. Matiti huota, sauti hukwaruza, makalio na mapaja hujaa. Ni wakati ambao mtoto anajitazama kwenye kioo mara nyingi na kuzungumza mara chache. Hapo ndipo neno chura linapofanya kazi mbaya. Msichana wa darasa la sita mwenye umbo kubwa hutaniwa njiani, hushikwa na wavulana wanaodai wanacheza, na akilalamika huambiwa ajifunge kanga vizuri. Msichana mwembamba naye husikia kwamba ana kasoro. Mvulana, ambaye katika mijadala hii husahaulika, anajifunza kwamba mwili wa mwenzake ni wa kupigiwa makofi.

Huko mbele lipo soko linalowasubiri wote wawili. Mitandaoni na kwenye maduka ya vipodozi huuzwa vidonge, sindano na krimu zinazodaiwa kuongeza makalio, biashara ambayo mtaani inajulikana kwa jina la Mchina. Wanunuzi si wanawake watu wazima peke yao. Baadhi ya vidonge vya kunenepesha huwa na dawa za jamii ya steroidi, kama dexamethasone, ambazo daktari hutoa kwa magonjwa maalumu na kwa muda aliouhesabu. Zikimezwa holela kwa wiki na miezi hupandisha sukari na shinikizo la damu, hudhoofisha mifupa na kinga ya mwili, huvimbisha uso, na mtu akiziacha ghafla anaweza kuzimia kwa sababu mwili umesahau kutengeneza homoni yake wenyewe. Hakuna kidonge wala krimu inayojua kupeleka mafuta kwenye makalio na kuacha sehemu nyingine. Mzazi akikuta kikopo kisicho na maandishi ya kueleweka kwenye begi la binti, asikitupe kwa hasira. Akipeleke pamoja na binti kituo cha afya, ili mhudumu aone kilichokuwa kinamezwa na aelekeze namna ya kuacha.

Na kuna mimba. Kwa mujibu wa utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022, wasichana 22 katika kila 100 wenye miaka 15 hadi 19 nchini walikuwa wameshazaa au walikuwa wajawazito. Utafiti wa 2015/16 ulikuta 27. Imepungua, lakini bado ni zaidi ya msichana mmoja katika kila watano. Tangu Novemba 2021 msichana aliyejifungua anaruhusiwa kurudi katika shule ya serikali, na sheria iliyorekebishwa mwaka 2016 inatoa kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mwanafunzi mimba. Hakuna anayeweza kusema wimbo fulani ulileta mimba fulani. Mimba huletwa na mtu. Lakini mhudumu yeyote wa kliniki ya wajawazito amemkuta binti ambaye, mpaka anapimwa, hajui kwamba mara moja inatosha, au aliyeamini akioga mara baada ya tendo hapati kitu. Viuno alivijua vyote. Hilo moja hakuambiwa.

Nani aseme, na aseme nini

Kikwazo kikubwa pwani ni aibu, nayo ina adabu yake. Mama wa Kilwa hakai na mwanaye wa kike kuzungumza hedhi, achilia mbali mapenzi. Hiyo ilikuwa kazi ya shangazi, bibi au somo. Baba kwa mwana wa kiume ni vivyo hivyo, mjomba au babu ndiye aliyebeba. Kumlazimisha mama leo azungumze kama wazazi wa kwenye filamu za Marekani ni kumtwisha mzigo atakaouangusha.

Njia iliyo karibu zaidi ni kuitumia mila yenyewe kwa makusudi. Bibi na mjukuu ni watani. Bibi anaweza kumwambia mjukuu wake, “Mke mwenzangu, hebu njoo unioneshe mlichokuwa mnacheza jana,” wakacheka, na ndani ya kicheko hicho likapita neno zito ambalo mama angelisema lingekuwa ugomvi. Sharti ni moja: mama na bibi wakubaliane kwanza kinachosemwa. Bibi aliyechezwa miaka ya sitini anajua mengi, ila huenda hajui kwamba vidonge vya duka ni sumu, au kwamba mtoto wa miaka tisa hahitaji somo la mume. Shangazi anayeishi Dar naye hufaa, mradi apige simu mara kwa mara, si siku ya tatizo.

Kwa mtoto wa miaka mitano hadi saba maneno ni machache. Aambiwe wimbo ule ni wa watu wazima kama vile kahawa chungu ni ya watu wazima. Aambiwe makalio, uke na uume ni sehemu zake mwenyewe, hakuna anayeruhusiwa kuzishika wala kumwomba azioneshe, hata akiwa ndugu, hata akitoa pipi. Majina hayo yatajwe. Mtoto asiye na jina la sehemu ya mwili wake akiumizwa atasema tumbo linauma, atapewa maji ya uvuguvugu, na mambo yatakwisha hapo.

Miaka minane hadi kumi na miwili ndiyo ya kueleza mabadiliko ya mwili kabla hayajafika. Binti aione pedi au kitambaa safi kabla ya damu ya kwanza. Mvulana aambiwe kuota ndoto na kuamka shuka likiwa limelowa si ugonjwa wala laana. Wazazi wengi huogopa kwamba kusema mapema ni kumfungulia mtoto mlango. Mwongozo wa kimataifa wa elimu ya jinsia uliotolewa na Unesco mwaka 2018, ukikusanya tafiti za nchi nyingi, unaeleza kinyume: elimu inayotolewa kwa kufuata umri haiwaharakishi vijana kuanza mapenzi.

Kijana wa miaka 13 na kuendelea hakatazwi video kwa kufokewa. Anaangaliwa nayo. Hili ni gumu na linahitaji moyo, lakini mzazi, au mjomba, akikaa kando ya kijana dakika tatu wimbo ukicheza, kisha akamuuliza mambo mawili matatu, atashangaa. Wale wanaocheza wanalipwa na nani? Kwa nini mwanamume aliyepo kwenye video amevaa suti na wanawake hawana nguo za maana? Huyu angekuwa dada yako, ungemrekodi? Vijana wana maoni makali kuhusu haya, na mara nyingi huwa makali kuliko ya wazazi. Wanachokosa ni mtu wa kuwauliza.

Simu nayo ina kazi ya kufanyiwa, isiyozidi dakika kumi. Kwenye mipangilio ya YouTube kuna sehemu ya kuzuia video za watu wazima, ingawa haizuii zote, na video nyingi za muziki hupenya. Ipo pia swichi ya kuzima video inayofuata isijicheze yenyewe. Kwa watoto wadogo, YouTube Kids ni salama zaidi kuliko YouTube ya kawaida. Lakini katika nyumba nyingi simu ni moja, ya baba au ya mama, na programu hizo hazina maana kama memori kadi imejazwa kila kitu na simu haina namba ya siri. Video za watu wazima zilizotumwa kwenye makundi ya WhatsApp hujihifadhi zenyewe kwenye picha. Watoto wengi walioona walichoona hawakukitafuta mtandaoni. Walikikuta kwenye simu ya baba.

Kuhusu harusi, hakuna sababu ya kuzuia ngoma. Mwenye shughuli ndiye anayemlipa mpiga muziki, na anaweza kumwambia mapema: mpaka saa tatu watoto wapo, piga za watoto na taarabu ya heshima, kisha watoto wakalale, mengine yaendelee. Familia zinazofanya hivyo hazipotezi sherehe. Na mtoto akicheza, atunzwe kwa kucheza vizuri, si kwa kukata. Simu zibaki mifukoni. Kipande cha mtoto wa watu akikata kiuno hakina sababu ya kuwa kwenye status ya mtu yeyote, hata iwe ya shangazi yake.

Likizo ya Juni ikikaribia, ufuta unauzwa, na nyumba nyingi za Kilwa hupanga mambo mawili kwa pamoja: harusi na kuwatoa wali. Mzazi mwenye binti anayechezwa mwaka huu ana haki ya kumuuliza kungwi atafundisha nini, kwa umri gani, na kama anaweza kuongeza somo moja au mawili: kusema hapana, kwenda kituo cha afya, kurudi shule likizo ikiisha. Makungwi wengi si wakaidi kama wanavyosemwa. Ni kwamba wazazi huja kwao kuulizia gharama tu.

Mtoto akibadilika ghafla, akaogopa kubaki na mtu fulani, akaanza kuwa na fedha au simu isiyoelezeka, au akacheza michezo ya kimapenzi isiyolingana na umri wake, asingojwe. Dawati la Jinsia na Watoto lipo katika vituo vya polisi, ofisa ustawi wa jamii yupo halmashauri, na namba ya simu ya msaada kwa mtoto ni 116. Hupigwa bure, mchana na usiku, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga.